Tawi Ambalo Sikulinakili

Nina daftari moja la shule ambalo silitupi na simwonyeshi mtu. Ukurasa mmoja una picha ya ubongo niliyoichora kwa wino mweusi, na juu yake mishipa ya damu kwa wino mwekundu. Mshipa wa kati, ule mkubwa unaopita pembeni mwa kichwa, umegawanyika matawi mawili. Tawi la juu limeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa mtu anayetaka kufaulu: mkono, uso, kinywa, mgonjwa anaelewa lakini hawezi kusema. Tawi la chini ni mstari mtupu. Halina neno hata moja.

Najua kwa nini. Mwalimu wetu, daktari aliyekuwa akisema upesi na kufuta ubao upesi zaidi, alieleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Mimi nikakwama hapo. Nikajiuliza: basi katika picha yangu, kushoto ni kushoto kwa nani, kwangu ninayetazama au kwa mwenye kichwa? Nikageuza daftari. Nikagusa kichwa changu. Nikageuza tena. Nilipoinua macho, tawi la chini lilikuwa limekwisha kufutwa, na niliona aibu kumwomba jirani yangu daftari lake. Katika mtihani halikuulizwa. Nikafaulu. Mstari ule mtupu ndio uliomtoa mwanamke nyumbani kwake, ingawa nyumbani kwetu hakuna anayelisimulia jambo hili namna hiyo.

Nilirudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kutoka Lusaka nikiwa msaidizi wa daktari mwenye cheti, nikingoja barua ya serikali ya kuniambia nitafanya kazi wapi. Barua ilichelewa. Nilikaa kwa yama, ndivyo tunavyomwita kaka wa mama, ambaye ndiye aliyenisomesha. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayemrithi mtu: anachukua jina lake, kiti chake na nyavu zake. Kwa hiyo nilikuwa mgeni, mpwa na mrithi katika nyumba moja, na kila nilipoketi nilifikiria ni yupi kati ya hao watatu anayeketi.

Yama alikuwa mvuvi wa perege, ambao kwetu tunawaita pale. Mwaka ule nyavu za nailoni ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia, naye alikuwa na mbili, akizisifu kama mtu anavyosifu ng'ombe. Samaki wake waliondoka na boti za barafu zilizotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Wabelgiji, na huko ng'ambo ndiko alikompata mkewe. Walikutana sokoni kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, na baada ya miaka yote ile bado waliongea Kiswahili kile cha pwani ya ziwa, wakati uwanja mzima ulisema Kibemba. Hawakupata mtoto. Mama yangu, dada yake yama, hakuwahi kumwita mke huyo kwa jina. Alisema "yule wa ng'ambo," hata akiwa amesimama mbele yake.

Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita munganga, yaani daktari kwa Kiswahili cha kwao, kwa mzaha, tangu siku niliyoshuka na sanduku langu. Nikikaa sana na kitabu alisema, "Munganga, hiyo karatasi itakula macho. Kuya ukule ugali kwanza, karatasi haina meno ya kukukimbia." Nilijiuliza kama karatasi isiyo na meno inaweza kukimbia au la. Alicheka akijua kwamba ninajiuliza.

Jumatatu moja asubuhi alikuja kutoka ufukweni akitembea, si kukimbia. Alisimama mlangoni.

"Mwana, kuya uone bwana yangu. Anasema, lakini haya si maneno."

Yama alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na wanunuzi wawili wakimtazama. Alikuwa akiongea. Sauti ilikuwa ileile ya kuuza samaki: inapanda, inangoja, inashuka, inacheka kidogo mahali pa kucheka. Lakini alichosema kilikuwa hivi: "Leta ile kabondo ya mlango, tuitarike, asubuhi yako ina samaki wa mulima, au siyo?" Kisha alitungoja tujibu. Mnunuzi mmoja, kijana, alicheka akidhani ni utani. Mwenzake alimgusa mkono.

Nilimrudisha nyumbani. Alitembea vizuri kwa miguu yake, ila mlangoni alijigonga bega la kulia kwenye mwimo. Nilifikiri ni haraka. Nikampima mbele ya watu wote waliokwisha kujaa: mama yangu, majirani, na babu, yaani mjomba wa mama, mkubwa wa ukoo wetu na mzee wa kanisa. Nilimpa mikono yangu aikamate. Aliibana mpaka vidole vikauma, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Nilimtazama akitabasamu. Uso haukupinda. Nilimwambia ainue mkono wa kushoto, akanisogezea kiti nikae. Nilimwambia atoe ulimi, akanieleza jambo refu kwa upole. Niliweka kidole mbele ya pua yake nikauliza kama anakiona. Alikishika, akakitikisa kama anayesalimia mtoto.

Kichwani nilisoma orodha yangu kama ninavyosoma sala. Mshipa wa mbele ukiziba, mguu hulegea. Ukiziba ule wa kati, ni mkono, uso na kinywa. Wa nyuma huchukua macho. Ile ya kwenye shina la ubongo huleta kizunguzungu, na mtu humeza kwa shida. Mguu ulikuwa mzima, na mkono, na uso. Macho yalikiona kidole. Kinywa, kwangu, kilikuwa kizima kupita kiasi. Niliipitia orodha mara ya pili, kisha ya tatu, nikaona watu wananitazama midomo inayocheza.

"Ni kupooza?" babu aliuliza.

"Si kupooza, babu."

"Basi ni ugonjwa gani wa hospitali?"

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria neno hilo moja mara nyingi kuliko nilivyofikiria lolote lingine maishani mwangu. Lakini cheti changu kilikuwa ukutani, mama yangu alikwisha kukitia kwenye kioo, na wote walikuwa wanangoja. Nikasema kwa sauti ya mwalimu wangu, "Huu si ugonjwa wa hospitali."

Kwa msomaji aliyezaliwa mbali na ziwa letu, labda sentensi hiyo haina kosa. Kwetu magonjwa ni ya aina mbili: ya hospitali na ya watu. Ukiutoa ugonjwa katika aina ya kwanza, umeutia katika ya pili, hata kama hukufungua kinywa tena. Nami nilizaliwa hapa. Siwezi kusema sikujua.

Babu hakwenda kwa mpiga ramli. Kanisa lilikataza, na serikali pia, naye alikuwa mtu wa kufuata amri. Lakini kuna desturi ambayo kanisa halikuikataza, kwa sababu inafanana na maungamo. Ndugu wanakusanyika, mgonjwa mwenyewe anaulizwa, jina kwa jina, nani ana neno naye moyoni. Yule ambaye mgonjwa ameliitikia jina lake anasimama, anasema lililomo moyoni, anachukua maji kinywani na kumpulizia mgonjwa kifuani, basi, yamekwisha. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama yangu akifanya hivyo kwa binamu yake aliyekosana naye juu ya sufuria. Walimaliza kwa kucheka na kula. Desturi hii si mbaya ikiwa mgonjwa anasikia anachoulizwa.

Kikao kiliwekwa Alhamisi adhuhuri. Katikati, siku mbili nzima, niliishi na yama na mkewe nikiandika kila nilichokiona. Niliandika halijoto, mapigo ya moyo, haja. Jumanne niliona jambo ambalo sikuliandika. Yama alikuwa akila, bakuli la samaki likiwa kulia kwake, naye alimega ugali mkavu, akautafuna, akalitafuta bakuli kwa macho kama limeibiwa.  Mkewe alilichukua, akaliweka kushoto. Yama alilipata, akafurahi, akala. Kuanzia hapo mkewe aliweka kila kitu kushoto: kikombe, maji ya kunawa, viatu. Hata yeye mwenyewe alihamia kushoto. Niliona yote. Mimi ninayefikiri kila kitu, hilo sikulifikiri.

Siku ya kikao waliweka kiti cha yama barazani, akiutazama uwanja. Wanaume tuliketi kulia kwake, wanawake kushoto, kama kawaida. Mkewe aliketi karibu na goti lake la kushoto, amemshikia kikombe. Babu alisimama nyuma ya kiti, akaomba, kisha akaanza kuuliza.

Alianza na jina lake mwenyewe, kama inavyotakiwa. "Ni mimi niliye na neno nawe?" Yama alitazama mbele, akaendelea na hadithi yake ya kabondo na mulima. Babu alitaja mwanamume wa pili, wa tatu. Lililofuata lilikuwa jina langu. Niliwaza kwamba ninamrithi, na huenda moyoni nimewahi kuutamani urithi bila kujua, na huenda anajua nisichojua mimi. Yama hakunigeukia. Nikashusha pumzi, na papo hapo nikaona aibu ya kuishusha.

Kisha babu alitaja jina la mke. Yeye, akisikia jina lake, aliinua kichwa. Yama alimwona. Uso wake wote ulifunguka, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayesalimiwa na rafiki sokoni.

"Mmeona," mama yangu alisema polepole.

Nami niliona, lakini kitu kingine. Niliinua mkono wangu kutoka pale nilipoketi, kulia kwake, nikautikisa taratibu. Hakupepesa jicho. Niliusogeza mbele kidogo, na zaidi. Mkono ulipofika katikati alishtuka, akaniona, akanisalimia kwa furaha kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Wanaume wote wa kulia hatukuwapo kwake. Nusu ya dunia ilikuwa imezimwa. Na maneno yalikuwa yanamwingia bila kufika popote, na yanamtoka bila kutoka popote. Bega kwenye mwimo. Bakuli. Kiti alichonisogezea nilipomwambia ainue mkono. Nililiona daftari langu waziwazi, na mstari mtupu ukajaa maneno ambayo sikuyanakili: anasema sana, haelewi, mkono mzima, haoni upande wa kulia. Ulikuwa mshipa, mshipa uleule wa kati, tawi la chini.

Sikusema.

Nilifikiri: nikisema sasa, wataniuliza habari ya Jumatatu. Labda nimekosea tena, afadhali nikatazame kitabu, na kitabu kipo sandukuni, na kuinuka katikati ya kikao ni utovu wa adabu. Pia nilijiambia ni maji tu, atapuliza maji, watakula, jioni nitaeleza kwa utaratibu. Wakati napima mawazo hayo, babu alikwisha kumpa yule mwanamke kikombe cha maji ya kupuliza.

"Sema lililomo moyoni, mwanangu, umalize. Hakuna atakayekuchukia."

"Baba, mi sina neno na bwana yangu. Maji nitapuliza ya nini?"

"Amekuitikia mwenyewe. Wote tumeona."

"Ameniona, njo maana amefurahi. Mutu akiona bibi yake, asifurahi?"

"Watoto uliwala tumboni," mama yangu alisema, "sasa umekula ulimi."

"Mulamu," alimjibu, ndivyo alivyomwita wifi yake, "ulimi ya kaka yako ningeitaka kula, ningeikula zamani, ile miaka alikuwa anasema mchana kutwa habari ya nyavu."

Mtu mmoja upande wa wanaume alicheka, akajifanya anakohoa. Babu hakucheka.

"Kukataa maji ni jibu pia," alisema.

Ndipo yule mwanamke aliponigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu anachojua kipo.

"Weye munganga. Weye ulisoma. Waambie."

Uwanja mzima ulinitazama, isipokuwa yama, ambaye sikuwapo kwake. Nikasema, "Mama, fanya tu wanavyosema. Ni maji tu."

 Kisha aliweka kikombe chini, kushoto kwa mumewe, mahali anapoweza kukiona, akasema, "Nikifanya, nimekubali."  Babu aliamua arudi kwao ng'ambo mpaka ulimi wa mumewe utakaporudi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa babu na daftari. Alikuwa akianika muhogo kwenye mkeka, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, na nilipofika nilisahau mwanzo.

"Babu, nilikosea. Ni ugonjwa wa hospitali. Ni mshipa umeziba." Nilimwonyesha picha.

Aliisogeza karibu na miwani. "Hapa hapajaandikwa kitu."

"Ndiyo, babu. Hapo ndipo penyewe."

"Umeniletea mstari."

"Nilikosa kuandika. Lakini najua sasa. Haelewi tunachomuuliza, anaitikia anachokiona. Na anaona kushoto tu, kwa wanawake."

"Jumatatu si ugonjwa wa hospitali. Ijumaa ni ugonjwa wa hospitali. Jumapili utakuwa nini, mjukuu wangu?"

"Tumuulize tena. Nitakaa kushoto kwake. Ulizeni kama ni mimi. Ataniitikia, mtaona."

Babu aligeuza kipande cha muhogo, akakipangusa mchanga.

"Na akikuitikia, nifanye nini? Yule mwanamke, kwao wapo, ana kaka, ana mama. Wewe nikikutoa, nikupeleke wapi? Na jina la mjomba wako atalichukua nani?"

"Lakini hakufanya kitu, babu."

"Huo mshipa wako una dawa?"

"Hauna."

"Ukienda naye hospitali, watamrudishia ulimi?"

"Hapana. Labda wenyewe utarudi kidogo, labda hautarudi."

"Basi," alisema, si kwa ukali. Alinirudishia daftari. Nilipofika njiani nilielewa kwamba huenda aliniamini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alijua, akapima, akaona kwamba ukweli wangu haumponyi mpwa wake, unamfaa mgeni tu. Na mimi niliyekuwa na uwezo wa kuusema wakati bado una bei niliuleta siku moja baada ya soko kufungwa.

Jumamosi boti ya barafu ilikuwa inarudi ng'ambo. Yule mwanamke alikuwa na bunda moja na sufuria yake. Mama yangu hakuja. Yama alikuja, amevaa koti lake la kuuzia samaki, anaongea njia nzima. Mkewe alitembea kushoto kwake, mimi nyuma, nimebeba bunda. Nilitaka kuomba radhi na nilikuwa nikichagua maneno, nikiyaona yote ama makubwa mno ama madogo mno, mpaka tukafika majini.

"Chakula umuwekee kushoto," aliniambia. "Kuume haoni."

"Ulijua?"

"Mutu unalala naye miaka yote, usijue anaona wapi?"

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Nani aliniuliza? Waliuliza weye."

Alipokea bunda. Yama alikuwa akimweleza jambo, akishika mkono wake, sauti ikipanda na kungoja. Mkewe alimjibu kila mahali pa kujibu: "Ee, bwana. Njo vile, bwana. Nimesikia." Aliyajibu yale maneno yasiyo maneno kwa utaratibu kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu alivyojibu maneno yoyote wiki ile. Kisha aliingia botini.

Boti haikukata moja kwa moja kwenda ng'ambo. Ilikuwa na samaki wa kuchukua kaskazini, ikafuata matete kuelekea kulia kwetu. Sisi wengine tuliendelea kuiona kwa muda mrefu, na kitambaa cha kichwani cha yule mwanamke. Kwa yama ilipotea mapema, pale ilipovuka katikati ya macho yake. Alibaki akitazama mahali ilipokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alinyamaza. Ningeweza kumshika kidevu nikamgeuza kichwa kidogo kulia. Nilifikiria kama ni vema amwone akienda au la, na nilipomaliza kufikiri matete yalikwisha kuificha boti.

Barua yangu ya kazi ilifika wiki iliyofuata. Niliijibu nikaomba wanipe muda, kwa kuwa kuna mgonjwa. Ninamwekea yama chakula kushoto. Ananishukuru kwa maneno mengi. Majirani wanasema mpwa yule ana moyo, tena amesoma, jina la mjomba wake litakuwa mikononi salama. Siwasahihishi.

Adhuhuri moja, tukiwa wawili barazani, nilihamisha kiti changu nikakaa kushoto kwake. Nilimwuliza, "Yama, ni mimi niliyekukosea?" Alinitazama, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa mara tatu.  Nikamwuliza, "Yama, si mimi?" Akatabasamu vilevile, akaitikia tena, kisha akalisogeza bakuli kwangu ili nile.